Kwa nini Elizabeth Bennet anakana kuwa msomaji mkubwa? Uzi kuhusu wanawake wasomi wa Uingereza, 1811 hadi 1820

#1 Shajara

Habari za jioni wanajamvi.

Nimerudia kusoma Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen iliyotoka 1813, na katika sura ya nane kuna mahali ambapo husimama kila nikipita. Elizabeth Bennet amekwenda Netherfield, nyumba ya akina Bingley, kumuuguza dada yake. Usiku anashuka sebuleni, anawakuta wenyeji wakicheza karata, anahisi kwamba dau lao ni kubwa, basi anamsingizia mgonjwa na kusema kwamba kwa muda mfupi atakaokaa chini atajifurahisha na kitabu. Bwana Hurst anamtazama kwa mshangao: inakuwaje mtu apende kitabu kuliko karata? Caroline Bingley anadakia kwamba Elizabeth huzidharau karata, kwamba ni msomaji mkubwa, wala hakuna jambo jingine linalomfurahisha. Elizabeth anajibu kwamba hastahili sifa hiyo wala lawama hiyo. Yeye si msomaji mkubwa, na anafurahia mambo mengi.

Kwa nini anakana? Dai langu ni kwamba anakana kwa hofu, na hofu hiyo ilikuwa ya tabaka lake zima. Miaka ile ambayo Mwanamfalme George alitawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa, binti wa familia ya heshima aliruhusiwa kupiga piano, kuchora, kudarizi na kuzungumza Kifaransa kidogo, lakini akionekana kuzama vitabuni alianza kusemwa. Katika Northanger Abbey, Austen anaandika kwamba mwanamke aliyepatwa na bahati mbaya ya kujua jambo lolote yampasa alifiche kadiri awezavyo. Anaandika kwa kejeli, lakini kejeli hiyo isingemchekesha mtu kama wasomaji wake hawakuwa wameshalisikia shauri hilo majumbani mwao likitolewa kwa dhati.

Ningependa kusikia maoni yenu: wanawake hawa walikuwa wakimwogopa nani hasa?

#2 Mwalimu wa Fasihi

Asante kwa uzi, Shajara. Nakubali kwamba hofu ilikuwapo, ila sikubali kwamba sura hiyo ni ushahidi wake.

Elizabeth hakani kusoma. Anachokataa ni picha ambayo Caroline anamchorea mbele ya Bwana Darcy, mgeni tajiri wa nyumba ile, ya msichana mkavu anayejiona bora kuliko wenzake. Tazama yanayofuata jioni ileile. Mazungumzo yanageukia maktaba ya Pemberley, nyumbani kwa Darcy, ambayo mwenyewe anasema ni kazi ya vizazi vingi, kisha yanahamia kwenye sifa za mwanamke aliyekamilika. Caroline anataja muziki, uimbaji, uchoraji, dansi na lugha za kisasa. Darcy anasema kwamba juu ya hayo yote lazima aongeze jambo lenye uzito zaidi, yaani kuikuza akili yake kwa kusoma sana. Huyo ni bwana mwenye pauni 10,000 kwa mwaka, na ndiye ambaye kila mama mle kitabuni angependa awe mkwewe. Kama kusoma kulikuwa doa, mtu muhimu kuliko wote katika soko la ndoa hakuwa na habari.

Halafu katika sura ya kumi na moja Caroline anachukua juzuu ya pili ya kitabu kwa sababu tu Darcy anasoma ya kwanza. Anapiga miayo, anatangaza kwamba hakuna starehe inayoshinda kusoma, anasema atakapokuwa na nyumba yake mwenyewe atasononeka asipokuwa na maktaba nzuri, kisha anapiga miayo tena na kukitupa kitabu kando. Mtu hajifanyi kuwa na kitu kinachoaibisha. Anajifanya kuwa na kitu kinachotamaniwa.

#3 Mhasibu

Mwalimu, Darcy anaweza kusema hivyo kwa sababu yeye hatafuti mume.

Tuangalie hesabu. Bwana Collins, jamaa yao, anapomposa Elizabeth, anamkumbusha kwamba urithi wake wote ni pauni 1,000 zinazozaa asilimia nne, nazo hatazipata mpaka mama yake afariki. Hiyo ni pauni 40 kwa mwaka. Nyumba wanamokaa itakwenda kwa Collins mwenyewe. Binti wa namna hiyo anaingia sokoni akiwa hana kitu isipokuwa tabia yake na uso wake, na watu wakisema kwamba ni mkali wa akili, wateja wanapungua. Ndiyo maana Austen anaeleza waziwazi kwamba Mary Bennet alijitahidi kutafuta elimu kwa sababu ndiye pekee katika familia asiyekuwa na sura ya kuvutia. Katika nyumba ile, vitabu vilikuwa fidia ya uzuri uliokosekana.

Hata bei ya vitabu inaeleza mengi. Riwaya hii iliuzwa shilingi 18 kwa juzuu tatu, fedha ambazo kibarua wa shamba hakuzipata kwa wiki nzima ya kazi. Wasomaji tunaowazungumzia ni kikundi kidogo kilichokuwa na mengi ya kupoteza.

#4 Wakili Mtulivu

Mhasibu ameanzia sokoni, mimi naomba tuanzie kwenye sheria iliyolijenga soko hilo.

Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mwanamke akishaolewa hakuwa tena na nafsi ya kisheria iliyojitenga na ya mumewe. Mapato yake yalikuwa ya mume. Hakimiliki ya kitabu alichokiandika usiku watoto wakiwa wamelala ilikuwa ya mume pia. Hali hiyo haikuanza kurekebishwa mpaka zilipopitishwa sheria za mali ya wanawake walioolewa za 1870 na 1882.

Mfano ninaoujali sana ni wa Charlotte Smith. Mumewe Benjamin alifungwa kwa madeni katika gereza la King's Bench mwishoni mwa 1783, naye akakaa humo pamoja naye kwa sehemu ya kifungo hicho. Mwaka uliofuata akatoa mashairi yake ya Elegiac Sonnets ili kupata fedha. Baadaye walitengana, akawa anaandika riwaya baada ya riwaya kulisha watoto, huku mume akiendelea kuwa na haki ya kisheria ya kudai malipo yake kutoka kwa wachapishaji. Wosia wa baba mkwe wake, aliyefariki 1776, ulibishaniwa mahakamani mpaka 1813, wakati Charlotte alikuwa ameshazikwa miaka saba kabla.

Sasa waangalieni wanawake walioandika kwa uhuru katika kipindi hiki. Maria Edgeworth hakuolewa. Hannah More hakuolewa. Jane Austen hakuolewa. Sidhani kwamba hilo ni jambo la bahati tu.

#5 Kinara wa Kale

Wakili, sheria hiyohiyo ilikuwapo mwaka 1770, lakini wasomi wanawake wa 1770 hawakujificha. Kwa hiyo sheria peke yake haielezi kitu.

Elizabeth Montagu aliwakusanya waandishi, wanasiasa na wachoraji nyumbani kwake London kwa miaka mingi, katika kundi ambalo watu walilipa jina la Soksi za Buluu. Mwaka 1769 alichapisha kitabu cha kumtetea Shakespeare dhidi ya Voltaire. Rafiki yake Elizabeth Carter alimtafsiri mwanafalsafa Epictetus kutoka Kigiriki mwaka 1758, akauza kwa kuandikisha wanunuzi mapema, na kazi hiyo ikampatia karibu pauni 1,000. Mwaka 1779 mchoraji Richard Samuel alionyesha picha ya wanawake tisa walio hai akiwafananisha na miungu wa kike wa sanaa wa Wagiriki. Montagu yumo, Carter yumo, Hannah More yumo, Anna Laetitia Barbauld yumo. Taifa lilikuwa likijivunia wanawake hawa mbele ya Ulaya.

Kilichobadilika ni siasa. Mapinduzi ya Ufaransa yalitokea 1789, na vita na Ufaransa vikaanza 1793. Katikati ya hayo, mwaka 1792, Mary Wollstonecraft alitoa kitabu chake cha kutetea haki za mwanamke. Alifariki 1797 baada ya kujifungua, na mwaka uliofuata mumewe William Godwin, kwa nia njema kabisa, akachapisha maisha yake yote: mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, majaribio ya kujiua, kila kitu. Mwaka uleule kasisi Richard Polwhele akatunga shairi la kuwashambulia wanawake waandishi waliomfuata kwamba wameacha jinsia yao. Tangu hapo, mwanamke aliyetoa hoja hadharani aliweza kuambiwa kwamba anaelekea alikoishia Wollstonecraft.

Kwa hiyo, Shajara, jibu langu ni kwamba walichokiogopa ni jina moja la marehemu.

#6 Pwani Tulivu

Nimekuwa mhariri katika biashara ya vitabu kwa muda mrefu, na naona mnachanganya mambo mawili. Kutoandika jina juu ya kitabu hakukuwa lazima ni woga.

Riwaya nyingi za wakati ule zilitoka bila jina, za wanaume kwa za wanawake. Walter Scott, mshairi maarufu tayari, alitoa Waverley mwaka 1814 bila jina, na hakukiri hadharani mpaka 1827. Ndani ya kitabu hicho akamsifu Maria Edgeworth kwa namna alivyowachora Waayalandi, naye Edgeworth aliandika kwa jina lake na jina hilo liliuza. Frances Burney vilevile. Alipotoa Camilla mwaka 1796 kwa kuandikisha wanunuzi, orodha ya walionunua ilichapwa mwanzoni mwa kitabu, na miongoni mwao yumo Binti J. Austen wa Steventon, wakati huo akiwa na miaka ishirini. Jina lake lilitangulia kuchapwa kama msomaji.

Kuhusu fedha, naomba tusimwonee Austen huruma kupita kiasi, ingawa alipunjwa. Mwaka 1803 mchapishaji Crosby alinunua muswada wake mmoja kwa pauni 10 na kuufungia kabatini. Familia iliununua tena 1816 kwa bei ileile, na huo ndio uliokuja kuwa Northanger Abbey. Sense and Sensibility, iliyotoka 1811 ikiwa imeandikwa tu kwamba ni kazi ya mwanamke wa heshima, ilimpa faida ya pauni 140. Pride and Prejudice aliiuza moja kwa moja kwa pauni 110, ilhali alitaka 150, na mchapishaji ndiye aliyefaidi matoleo yaliyofuata. Katika barua moja ya 1814 anasema kwamba anapenda sifa kama mtu yeyote, lakini fedha anazipenda pia. Huyo si mtu anayejificha kwa aibu. Ni mwandishi anayeijua kazi yake na anayetaka alipwe.

#7 Bi Mkubwa wa Ngamiani

Nawasalimu nyote. Nimesoma tangu mwanzo, na naomba nichangie kidogo kutokana na maisha yangu.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili, siku wageni wa posa walipokuwa njiani kuja, shangazi yangu alivikusanya vitabu vyangu vilivyokuwa sebuleni, akavifunga ndani ya khanga na kuvisukumia uvunguni mwa kitanda. Mume wangu mtarajiwa alikuwa anajua ninachosoma na alikuwa akiniulizia maendeleo yangu. Shangazi aliwahofia mama mkwe na mawifi. Ndiyo maana nadhani swali la Shajara, la kwamba waliogopwa akina nani, halijajibiwa vizuri na Mhasibu. Ukirudi kwenye ile sebule ya Netherfield, anayemsema Elizabeth kwa kusoma ni mwanamke mwenzake.

Mliomtaja Maria Edgeworth mtafute kitabu chake cha 1795 kuhusu mabinti wapenda fasihi. Kinaanza na bwana anayemwandikia rafiki yake aliyejaaliwa mtoto wa kike, akimwonya asimsomeshe sana, kisha baba wa mtoto anajibu. Mazungumzo hayo yalitokana na mambo ya kweli. Thomas Day, rafiki wa baba yake Maria, alipinga vikali binti huyo asichapishe tafsiri yake ya kitabu cha Kifaransa, na hakuanza kuchapisha mpaka Day alipofariki 1789. Baba alimsomesha binti na kumtia moyo. Rafiki wa baba ndiye aliyeziba mlango.

#8 Kijana wa Mwenge

Bi Mkubwa, ahsante sana kwa mfano huo. Mwalimu, naona humu jamvini Darcy hana wakili mwingine zaidi yako.

Naomba niwapeleke upande wa sayansi, kwa sababu nao walikuwa wasomi. Mary Somerville alizaliwa 1780 na kukulia Burntisland, Uskoti. Wazazi walipogundua kwamba anasoma hesabu usiku, waliamuru mishumaa iondolewe chumbani mwake, wakihofia kwamba atapata wazimu. Basi akawa analala gizani na kuzikariri kanuni za Euclid moja baada ya nyingine kichwani. Mume wake wa kwanza, Samuel Greig, aliidharau elimu ya wanawake. Alifariki 1807 na kumwacha akiwa na fedha za kujitegemea, naye akanunua vitabu vya hisabati alivyovitamani, na mwaka 1811 akapata medali ya fedha kwa kutegua fumbo katika jarida la hisabati. Hapo namuunga mkono Wakili kwa mikono miwili, maana ujane ulimfungulia Somerville kile ambacho ndoa ilikuwa imekifunga.

Yupo pia Jane Marcet, aliyeandika mazungumzo kuhusu kemia kwa ajili ya wasichana, kitabu kilichotoka bila jina lake. Michael Faraday alikuwa kijana anayejifunza kazi ya kujalidi vitabu alipokipata, na alisema baadaye kwamba kilimsaidia kuijua kemia. Na tusimsahau Mary Anning wa Lyme Regis, ambaye akiwa na miaka kumi na miwili aligundua peke yake mabaki ya mnyama mkubwa wa baharini wa kale.

#9 Kinara wa Kale

Kijana, rekebisho dogo kuhusu Anning. Fuvu lilionwa kwanza na kaka yake Joseph mwaka 1811, kisha Mary akaipata sehemu kubwa ya mwili mwaka uliofuata. Familia iliuza mabaki hayo kwa takriban pauni 23. Everard Home aliyaeleza mbele ya wanasayansi wa London mwaka 1814 bila kuwataja waliochimba. Sina hakika kwamba mfano huu unaingia kwenye hoja ya kuficha elimu, kwani Anning hakuificha. Aliwaeleza mabwana wote waliokuja kununua visukuku, nao wakaenda kuandika. Jumuiya ya Jiolojia ya London ilianzishwa 1807 na haikupokea wanachama wanawake mpaka 1919.

#10 Msomaji wa Muheza

Mmegusa Anning mkapita haraka, lakini hapo ndipo penye uzito. Mnazungumza kana kwamba wanawake wasomi walikuwa kundi moja lililoonewa na wanaume au na mawifi. Baadhi yao ndio waliolinda mlango.

Ann Yearsley alikuwa muuza maziwa wa Bristol aliyetunga mashairi. Hannah More alimsaidia kuchapisha kitabu chake cha kwanza mwaka 1785, akawatafuta wanunuzi kwa juhudi kubwa, lakini fedha zilizopatikana akaziweka chini ya wadhamini wawili: yeye mwenyewe na Elizabeth Montagu, huyuhuyu ambaye Kinara amemsifia. Yearsley alitaka kuzishika fedha zake mwenyewe kwa ajili ya watoto wake. Akaambiwa kwamba hana shukrani. Ugomvi huo ulifika magazetini, na mwishowe akajitenga nao, akaendelea kuandika, na 1793 akafungua maktaba ya kuazimisha vitabu kwa ada kule Hotwells, Bristol.

More huyohuyo alipoanzisha shule za Jumapili katika vilima vya Mendip, watoto wa maskini walifundishwa kusoma ili waisome Biblia, lakini kuandika hakukuruhusiwa. Kwa hiyo, Shajara, unapouliza waliogopwa akina nani, inategemea unamuuliza binti wa Longbourn, nyumbani kwa akina Bennet, au muuza maziwa.

#11 Shajara

Nashukuru kwa michango. Msomaji wa Muheza, hoja yako nitaendelea kuifikiria, lakini naomba nilete ushahidi mwingine kwa Mwalimu na Pwani Tulivu.

Mwishoni mwa 1815 mkutubi wa Mwanamfalme, James Stanier Clarke, alimtembeza Austen katika jumba la Carlton House na kumfahamisha kwamba yuko huru kumtunukia Mwanamfalme riwaya yake inayofuata. Emma ikatoka na tunukio hilo, ingawa katika barua ya 1813 Austen alikuwa ameshaandika kwamba anamchukia bwana yule kwa namna alivyomtendea mkewe. Katika barua ya Desemba 1815 anamwambia Clarke kwamba anaweza kujivuna kuwa mwanamke asiye na elimu kuliko wote waliowahi kuthubutu kuandika vitabu. Mwandishi wa riwaya nne zilizochapishwa au zilizo njiani anajiita hivyo mbele ya mkutubi! Nauliza tena: hiki ni nini kama si kile alichokifanya Elizabeth pale sebuleni?

#12 Mwalimu wa Fasihi

Shajara, barua hiyo usiikate kipande. Clarke alikuwa amemwomba aandike riwaya kuhusu kasisi msomi, kwa kweli kuhusu mtu anayefanana na Clarke mwenyewe. Austen hakutaka. Njia ya heshima ya kumkatalia mtumishi wa Mwanamfalme ilikuwa kusema kwamba somo hilo linahitaji elimu ya kale na ya kisasa ambayo yeye hana. Clarke alipoendelea, safari hii akimpendekezea hadithi ya kihistoria ya ukoo wa Saxe-Coburg, alijibiwa waziwazi zaidi kwamba Austen hawezi kuandika kwa dhati hadithi ya namna hiyo isipokuwa iwe kwa ajili ya kuokoa maisha yake, na kwamba lazima afuate mtindo wake. Anayejua thamani ya kalamu yake ndiye anayeandika hivyo.

Nakubaliana nawe jambo moja: ni tendo lilelile la Elizabeth. Wote wawili wanatumia unyenyekevu kuufunga mlango mbele ya mtu anayetaka kuwachora anavyotaka yeye.

#13 Kinara wa Kale

Mwalimu anatufanya tuamini kwamba kila kitu kilikuwa adabu na ufundi wa mazungumzo. Basi tumtazame aliyekataa kujishusha.

Anna Laetitia Barbauld, yule niliyemtaja katika picha ya 1779, alikuwa mshairi, mhakiki na mwalimu aliyeheshimika nchi nzima. Mwaka 1810 alihariri mkusanyiko wa riwaya za Kiingereza wa juzuu 50. Mapema 1812, akiwa na miaka 68, akachapisha shairi refu linaloitwa Eighteen Hundred and Eleven, linalolaumu vita na kutabiri kwamba Uingereza itaporomoka, na kwamba siku moja vijana kutoka Amerika watakuja kutembelea magofu ya London. John Wilson Croker akamjibu katika Quarterly Review kwa uhakiki wa kumdhalilisha, akimwonyesha kama bibi aliyetupa miwani yake na sindano zake za kufumia ili aingilie mambo ya dola, na kumshauri arudi kwenye vitabu vyake vya watoto. Hakuchapisha tena kazi kubwa ya mashairi katika miaka kumi na mitatu iliyobaki ya uhai wake.

Mabinti waliokuwa sebuleni wakisoma jarida hilo walilielewa somo. Pride and Prejudice ilitoka mwaka mmoja baadaye.

#14 Mhasibu

Kinara, hapo Barbauld alipigwa kwa siasa. Mwanamume aliyetabiri kuanguka kwa Uingereza katikati ya vita naye angepigwa, ingawa asingetajiwa sindano za kufumia.

Wakili, nawe nakurekebisha kidogo. Familia tajiri hazikuiacha sheria hiyo iwafanye itakavyo. Kabla ya ndoa waliandika mikataba ya udhamini iliyoziweka mali za binti mbali na mume. Kwa hiyo mali nyingi iliweza kununua hata uhuru wa kuwa msomi. Annabella Milbanke alisoma hisabati bila kuificha. Mshairi Byron alimwita Binti Mfalme wa Maumbo Sambamba, na bado akamposa. Akakataliwa 1812, akaposa tena, wakaoana Januari 1815. Mwaka mmoja baadaye mke aliondoka akiwa na mtoto mchanga, Ada, na Byron alitumia miaka iliyofuata kuwatungia wanawake wasomi mashairi ya kuwacheka. Annabella alivumiliwa maadamu alikuwa mrithi. Mpe pauni 40 kwa mwaka uone kama kuna ambaye angempigia hodi.

#15 Pwani Tulivu

Nawarudisha kwenye vitabu vyenyewe, kwani Austen alituachia mtu wa pauni chache ambaye hakuna aliyemtaja. Katika Mansfield Park, Fanny Price anarudishwa kwa wazazi wake Portsmouth, nyumba ndogo yenye kelele isiyo na kitabu. Mjomba wake amempa pauni 10. Anazitumia kujiandikisha katika maktaba ya kuazimisha, na Austen anaeleza jinsi anavyostaajabu kwamba yeye, Fanny, amekuwa mtu wa kukodi na kuchagua vitabu. Anamchagulia na mdogo wake Susan, wanasoma pamoja ghorofani. Hakuna hofu pale, na hakuna mchumba anayekimbia.

Na mwaka 1798, mama mmoja alipofungua maktaba karibu na Steventon na kujitetea kwamba haitakuwa na riwaya tu, Austen alimwandikia dada yake kwamba familia yao ni wasomaji wakubwa wa riwaya na wala hawaoni haya.

#16 Bi Mkubwa wa Ngamiani

Pwani Tulivu, Fanny anasoma ghorofani, na Austen anamwandikia dada yake. Vyote viwili vinafanyika mbali na wageni. Umenipa ushahidi wangu mwenyewe.

#17 Wakili Mtulivu

Naongeza jambo linalonisumbua. Austen alifariki Winchester tarehe 18 Julai 1817, akiwa na miaka 41. Desemba mwaka uleule riwaya zake mbili za mwisho zilitoka pamoja, na kaka yake Henry akamtaja kwa jina katika maelezo ya maisha yake yaliyotangulia kitabu. Hata hivyo, ukurasa wa kichwa haukubeba jina hilo. Jiwe lililowekwa juu ya kaburi lake ndani ya kanisa kuu la Winchester linamsifu kwa ukarimu wa moyo, utamu wa tabia na vipawa vya akili visivyo vya kawaida. Vitabu havikutajwa hata kimoja.

Marehemu hana mume wa kutafuta, wala Croker hawezi kumnyamazisha. Mhasibu na Kinara, maelezo yenu yote mawili yanaishia hapo.

#18 Mwalimu wa Fasihi

Lakini Wakili, jiwe hilohilo linaisifu akili yake mbele ya kila anayeingia kanisani. Familia ya makasisi haikuona aibu kuandika kwamba dada yao alikuwa na akili isiyo ya kawaida. Walichokiacha ni kwamba aliiuza kwa mchapishaji Egerton kwa pauni 110. Pengine tumekuwa tukitafuta hofu mahali pasipo pake, na kilichofichwa kilikuwa ile kazi ya malipo, kwa sababu mwanamke wa tabaka lile hakutakiwa kufanya kazi.

#19 Msomaji wa Muheza

Mwalimu, hapo naanza kukuelewa. Ila kama ni hivyo, mbona Edgeworth, binti wa mwenye mashamba, alipokea malipo makubwa kuliko ya Austen, na jina lake likabaki juu ya jalada bila ndugu zake kuona haya? Naomba anayejua vizuri mambo ya familia ile ya Edgeworthstown aanzie hapo.